Hatifungani ya Wauguzi Saba

Hakuna kufuli lililovunjwa wala nondo iliyong'olewa dirishani. Wizi huu uligunduliwa Jumatatu asubuhi na Matroni, muuguzi mstaafu mwenye mgongo ulionyooka kuliko ukuta, alipokwenda benki kutoa agizo la kuuza hatifungani yao. Karani wa dirishani alimjibu bila hata kuinua kichwa.

"Mama, hapa huna kitu."

"Sina kitu kivipi?"

"Inasoma sifuri."

Matroni hakupiga kelele. Wauguzi wa zamani hawapigi kelele. Wanakutazama tu mpaka mwenyewe ujihisi homa. Alirudi nyumbani, akawakusanya wenzake waliojiweza kutembea, wakaja kituoni kwa mguu, mstari mmoja, viatu vyeupe pee. Konstebo wa mapokezi alijikuta amesimama wima kabla hajajua anamsimamia nani.

Kesi ikamwangukia Inspekta Kamba. Jina hilo alibandikwa na wahalifu wenyewe, eti yule mama akishakufunga hufunguki. Alikuwa na hamsini na ushei, magoti mabovu na mdomo usio na breki. Wakubwa zake walimpenda kwa kazi, wakamkimbia kwa maneno.

"Shikamooni, mama zangu. Kaeni." Viti vilikuwa viwili. "Basi kaeni kwa zamu."

"Zamu tumezizoea," Matroni alisema, naye hakukaa.

Akaeleza. Walikuwa wauguzi saba, wengine wajane, wengine hawakujaliwa watoto, wengine watoto wanao lakini ni wa kuhesabiwa tu. Walipostaafu walipanga nyumba moja wakaishi pamoja, wakiuguzana wenyewe kwa wenyewe. Viinua mgongo vyao walivichanga wakanunua hatifungani ya serikali, yaani waliikopesha serikali, nayo ikaahidi kuwarudishia na faida juu. Sasa mwenye nyumba anauza. Kwa heshima aliwapa wao nafasi ya kwanza, mwisho Ijumaa. Wasipolipa, kuna mtu wa gereji anapataka pale, na alishaleta watu wa kupima.

"Mmoja wetu hanyanyuki kitandani," Matroni alisema. "Mwingine haoni. Tukitawanywa, wale wawili hawafiki mbali. Nakwambia kama muuguzi, sikwambii ili unionee huruma."

Koplo, mtu mnene mwenye roho nzuri, aliinua kalamu. "Hiyo karatasi ya hatifungani mlikuwa mnaificha wapi?"

"Hakuna karatasi, mwanangu. Siku hizi yote yako kwenye kompyuta."

"Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Ndicho tulichokuja kukuuliza."

Yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa amekalia nusu ya kiti, akacheka. Wenzake walimwita Bi Sindano, kwa sababu hakuna tako katika mji ule ambalo hakuwahi kulidunga. "Itakuwa mashine tu imekosea," alisema. "Watu wa benki ile ni waaminifu. Mimi nawajua."

"Unawajua kwa vipi, mama?" Inspekta aliuliza.

"Kwa kuwaona tu."

Alijibu haraka mno. Inspekta alilisikia jibu hilo, akaliweka kando.

*

Benki ilikuwa ghorofa ya nne, baridi ya kiyoyozi kama chumba cha maiti. Koplo alitafuta sanduku la chuma kwa macho, hakuliona. Kulikuwa na meza sita, kompyuta sita, mtungi wa maji na ua la plastiki lenye vumbi.

Meneja alikuja akitembea upande, mkono ameushika ubavuni. "Samahani, nilipasuliwa ngiri mwezi uliopita. Karibuni."

"Pole sana. Mali ya wale mama iko wapi?"

"Afande, sisi ni watunzaji. Mtu akinunua hisa au hatifungani hawezi kuiweka chini ya godoro. Sisi tunamtunzia, tunampokelea faida, tunatekeleza maagizo yake. Lakini yenyewe imesajiliwa Hifadhi Kuu ya Dhamana, lile jengo la vioo kule."

"Kwa hiyo nyinyi mnatunza kitu kilichohifadhiwa kwingine."

"Ndiyo."

"Na wao wanahifadhi kitu kinachotunzwa na nyinyi."

"Ndivyo duniani kote, afande."

"Heri mlinzi wa pale getini. Angalau yeye ana rungu."

Meneja hakucheka. Aliyecheka, tena kwa adabu, ni mwanamume wa makamo aliyekuwa meza ya pembeni. Aliinuka akamletea Inspekta kiti chenye mto. "Kaa afande, naona magoti yanakusumbua." Ofisini walimwita Mizani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kilichouzwa kimefika kwa mnunuzi na kila kilichonunuliwa kimefika kwa mteja, na ikifika jioni, hesabu za pande zote zilingane. Wenzake walisema haijawahi kutokea mkononi mwake muamala ukakwama.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako," Inspekta alimwambia.

"Chukulia ghala la mahindi, afande. Wateja wetu wote wanamimina mahindi humo, yanachanganyika. Mlangoni pameandikwa jina moja, la benki. Hifadhi Kuu wanajua ghala lina mahindi kiasi gani. Nani anadai debe ngapi, hilo tunalijua sisi hapa."

"Hakuna debe lenye jina la mtu?"

"Hakuna. Unadai kiasi, hudai punje zako."

"Na ghala likipungua?"

"Hifadhi Kuu wataona limetoka kitu. Hawawezi kujua aliyepungukiwa ni nani."

"Nani anaamua aliyepungukiwa?"

Mizani alipanga upya karatasi zake mezani. "Hakuna anayeamua, afande. Halitakiwi kupungua."

*

Hifadhi Kuu, Msajili aliwapokea kwa chai na tabasamu la kazini. Alibofya kompyuta yake, akageuza kioo ili waone.

"Huu hapa mwezi uliopita. Hatifungani za kiasi kilekile cha bibi zako zilitoka kwenye akaunti ya pamoja ya benki ile zikaenda kwa mnunuzi, mfuko wa bima. Malipo yalifanyika, kila kitu safi."

"Safi?" Inspekta aliweka kikombe chini. "Mali ya wizi hiyo. Irudishe."

"Haiwezekani."

"Nani kakataza?"

"Sheria, afande. Muamala ukishakamilika hapa umekamilika, haurudi nyuma. Mnunuzi alilipa kwa nia njema. Tukianza kurudisha kila palipotokea malalamiko, kesho hakuna mtu atakayenunua chochote, kwa sababu hatajua kama alichonunua ni chake."

"Hawa wazee walilala wakijua chao ni chao."

Msajili alishusha sauti, na tabasamu likamwondoka. "Mimi kwenye mfumo wangu siwaoni hao wazee. Nalijua jina moja tu, la benki. Sisemi kwa ubaya."

Inspekta aliuliza agizo lilitumwa na nani. Msajili akamwonyesha: kila agizo lina mwandaaji na mwidhinishaji, watu wawili tofauti, kila mmoja na kifaa chake kidogo cha kutoa namba za siri. Mwandaaji: mhudumu mmoja aliyekwisha acha kazi tangu mwaka jana. Mwidhinishaji: Meneja.

Kwenye ngazi, Koplo alipiga mikono. "Tumemaliza! Tumkamate Meneja tukale."

"Siku hiyo Meneja alikuwa wapi?"

Koplo alisimama. "Si alisema alipasuliwa mwezi uliopita?"

Hospitali ilithibitisha. Saa ile agizo lilipotumwa, Meneja alikuwa mezani kwa daktari wa upasuaji, usingizi wa dawa, hajijui hajitambui.

*

"Kifaa chako cha namba kinakaa wapi?" Inspekta aliuliza siku ya pili.

Meneja alijikuna shingo. Hatimaye alikwenda kwenye kabati la vikombe, akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vile vifaa, vya ofisi nzima, vimerundikana, kila kimoja kimebandikwa plasta yenye namba ya siri ya mwenyewe kwa wino wa bluu. Hata cha yule mhudumu aliyeondoka kilikuwemo.

Koplo alichungulia koponi. Inspekta akakiinua kimoja.

"Hebu subiri. Nyinyi ni watunzaji wa mali za watu."

"Afande, mtu akienda msalani, akiumwa, kazi haiwezi kusimama. Saa ya kufunga ikipita, benki inatozwa faini. Tulikubaliana tu, kwa kuaminiana..."

"Funguo za ghala mmeziweka kwenye kopo la biskuti, kwa kuaminiana!"

Mtaalamu wa maabara alikuja, akapuliza unga wake, akachukua alama za vidole. Jibu lilikuja mchana uleule: kila kifaa kina vidole vya kila mtu. Kompyuta nazo zilikuwa hivyohivyo, meza yoyote mtu yeyote. Watu sita, na wote wangeweza. Inspekta aliwahoji mmoja mmoja, akawabana kushoto na kulia. Walilia, waliapa, mmoja alizimia. Mizani alijibu kila swali kwa utulivu na kumletea maji yule aliyezimia.

Jioni ya Jumanne mambo yalikuwa palepale. Jumatano asubuhi Matroni alipiga simu. Hakuuliza kesi imefika wapi. Aliuliza kama aanze kufunga vyombo. Inspekta alimwambia asubiri. Alipokata simu alijiona mwongo.

Adhuhuri Meneja akaja mwenyewe kituoni. Alifunga mlango nyuma yake.

"Afande, nina njia. Ghalani bado mna mali nyingi. Kesho asubuhi naweza kuuza kiasi cha wale wazee, Ijumaa wakalipa nyumba yao. Kimyakimya. Halafu sisi tutaziba pengo polepole."

 Inspekta aliiona ile nyumba imepona, yule asiyenyanyuka kitandani hanyanyuliwi na mtu.

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe usipeleke ripoti kwa Mamlaka ya Masoko. Ndicho hicho tu. Mamlaka wakijua ghala lina upungufu watafunga kila kitu, hatoki mtu na punje."

"Hiyo mtakayouza kesho itakuwa ya nani?"

"Ya... itakuwa ya mteja aliyelala. Wapo wengi. Hata hawaangalii."

"Wapo kina nani?"

Meneja alitazama sakafu. "Kuna chama cha vipofu. Kuna watoto yatima wawili, mali yao iko chini ya msimamizi. Watarudishiwa, afande, nakuapia."

 Inspekta alitamani kukubali, na tusimfanye malaika, alitamani kwelikweli. Lakini yatima wale wangekuja kituoni siku moja, wasimame mbele ya inspekta mwingine mwenye viti viwili.

"Toka," alisema. "Toka kabla sijakuweka ndani na ngiri yako."

Sheria ilimtaka aandike, akaandika. Alhamisi saa za kufungua ofisi, Mamlaka ya Masoko walifika na utepe na nta, wakaifunga benki, wakazuia ghala lote mpaka kila mteja ajitokeze na ahakikiwe. Msimamizi aliyewekwa pale alikuwa mtu mstaarabu sana. Inspekta alimuuliza itachukua muda gani.

"Haki yao haijapotea, afande. Watagawiwa sawa na wengine, na benki itadaiwa pengo."

"Muda gani, nimekuuliza."

"Tukijitahidi, mwaka. Mahakama zikiingilia, usiniulize."

*

Nyumba ya wauguzi ilinukia dawa ya kusafishia na sabuni ya mche. Vitanda vilikuwa vimepangwa kama wodini, shuka zimekunjwa pembe. Inspekta aliwaeleza yote, wima, bila kuzunguka mbuyu. Aliwaambia na ile ofa ya Meneja, na kwamba yeye ndiye aliyeikataa na ripoti ikawafungia mlango.

 Kisha yule asiyeona akasema kutoka kitandani, "Ulifanya sawa. Ila umetuumiza."

"Najua, mama."

Aligeuka aondoke. Lakini kuna kitu kilichokuwa kikimkereketa tangu Jumatatu, kama mwiba wa samaki kooni. Ghala halina majina. Mwizi aliiba kwenye rundo. Basi baada ya kuiba, ilimpasa akae chini achague upungufu aubandike kwa nani, katika wateja mia na zaidi. Alihitaji mtu ambaye hataangalia kwa muda mrefu. Kwa nini awe Matroni, anayehesabu hata vijiko?

"Nani alijua kwamba hamtaiuza?" aliuliza. "Kabla mwenye nyumba hajaleta habari zake. Mlimwambia nani kuwa mnaiacha mpaka iive, yaani muda wake utimie?"

"Hatukumwambia mtu," Matroni alisema. "Ni siri yetu ya ndani, hakuna..."

 Akageuka polepole. Wenzake nao wakageuka, hata yule asiyeona. Bi Sindano alikuwa ameshika ncha ya kanga yake akiisokota kidoleni.

"Mama," Inspekta alisema. "Wale watu wa benki unawajuaje?"

"Mtoto wangu hawezi," Bi Sindano alisema.

"Mtoto yupi?"

"Wa kaka yangu. Wazazi wake walikufa nikamlea mimi, nikamsomesha kwa zamu za usiku. Alipoanza kazi pale walimtaka alete wateja, mimi nikawashawishi hawa wenzangu tumpelekee, tumwinue mtoto wetu, na Jumatatu nikawaomba wasimtaje kituoni, asichafuliwe jina." Alikuwa anaongea haraka haraka. "Anakuja hapa, anatuletea matunda, anawapima hawa presha na mashine aliyoinunua yeye. Akaniuliza siku moja, shangazi, ile yenu mtaigusa lini? Nikamwambia imelala hiyo, mwanangu, labda miaka mitatu. Aliuliza tu! Mtu haulizi?"

"Anaitwaje ofisini?"

Bi Sindano alijifunika uso kwa kanga. Machozi yalikuwa yamemtangulia.

*

Mizani alikamatwa nyumbani kwake akipiga pasi mashati. Hakukimbia wala hakuuliza sababu. Alichomoa pasi kwenye umeme kwanza. Kwenye chumba cha mahojiano Koplo alimsomea haki zake, kwamba halazimiki kusema neno na kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani.

"Kwa nini hukuniambia Bi Sindano ni shangazi yako?" Inspekta alianza.

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa. Agizo ulilituma wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa kifaa cha Meneja?"

"Na cha yule aliyeacha kazi. Vyote vilikuwa koponi."

"Hela zilikwenda wapi?"

"Sikuchukua hata senti, afande. Pekueni mnapotaka."

Walikuwa wamekwisha pekua. Hapakuwa na kitu, zaidi ya mashati mengi meupe na mashine ya kupimia presha kwenye boksi lake.

"Basi nieleze, maana sielewi. Unaiba halafu huchukui?"

Mizani alishika kichwa. Ikatoka yote, kwa sauti ileile ya utulivu, na utulivu huo ndio uliomuudhi Inspekta kuliko kelele za wengine. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mteja mkubwa, aliyekuwa na tabia ya kuuza hatifungani kabla hajazipata. Akichelewa, muamala unakwama, benki inatozwa faini na mteja ananuna. Mizani akawa anachota ghalani kumkamilishia, na kesho yake mfanyabiashara analeta zake, zinarudi. Alifanya hivyo mara nyingi. Ofisi nzima ilijua, hakuna aliyesema, kila jioni hesabu zinalingana na watu wanakwenda nyumbani. Mara ya mwisho mfanyabiashara alilipwa na mfuko wa bima, akapanda ndege, na mpaka leo simu yake haipatikani.

"Ungesema siku hiyohiyo."

"Nilikuwa na sifa, afande. Katika kazi yangu yote muamala haujawahi kunikwama. Meneja alikuwa akiniita mbele ya wageni anawaambia, mwoneni huyu. Nikasema nitatafuta namna. Nilihitaji muda tu."

"Ukakaa na orodha ya wateja ukachagua."

"Ndiyo."

"Matajiri wamo humo. Makampuni yamo. Mtu wa maana akipungukiwa hali ugali wa kukopa. Wewe ukawabandika akina mama saba, mmoja kipofu, mmoja hajiwezi, mmoja kakulea. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya Mizani ilipasuka. "Kwa sababu ni wangu! Mgeni angenishtaki. Tajiri angenifunga. Hawa wangenisamehe. Nilijua hata wakigundua, shangazi angelia, wangenisema, halafu wangenisamehe. Mtu ukizama si unamshika wa kwako?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee, andiko lisiruke neno.

*

Ijumaa asubuhi Bi Sindano aliomba kumwona. Kanuni hazikuruhusu, Inspekta aliruhusu. Walimleta Mizani na pingu. Yule bibi alimtazama mikono kabla ya uso, akatia kidole kati ya chuma na ngozi.

"Zimembana. Mkono utavimba."

Koplo alizilegeza.

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi nimeshakusamehe. Toka jana pale pale nilipoelewa. Si ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua." Alitikisa kichwa. "Lakini mle ndani tuko saba, mwanangu. Wale sita hawakukulea. Walikuja benki kwako kwa sababu mimi niliwaambia huyu ni mtoto wetu. Sasa nikalale wapi nao? Niwatazame na macho gani?"

Mizani aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. "Wako wapi sasa?"

"Wanafunga mizigo."

Alikaa kidogo, akampapasa kisogo kama anayepima homa, kisha akanyanyuka. Inspekta alimrudisha nyumbani kwa gari la polisi. 

Nyumbani, vitanda vilikuwa vimeshatolewa barazani. Mtu wa gereji alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na vijana wake, kwa adabu, akisubiri. Matroni alikuwa anagawa watu kama anavyogawa zamu: wewe kwa binti yako, hata kama hakutaki, utakaa, wewe kwa mdogo wako, yule asiyenyanyuka, wodini, daktari amekubali kwa wiki mbili, yule asiyeona, kwa jirani, mpaka ipatikane namna. Bi Sindano alipopita, hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu, kila mmoja akaendelea kufunga lake. Akaenda kukaa peke yake kwenye godoro la mwisho.

Inspekta alimfuata Matroni na fomu ya shahidi. Aliona aibu kuitoa, lakini bila fomu hiyo kesi haiendi.

"Mama, nahitaji sahihi yako hapa. Tumempata mtu, amekiri, atafungwa. Kesi ikipangwa mtaitwa."

"Na ile yetu?"

"Iko kwenye foleni."

"Foleni ndefu?"

"Ndefu, mama."

Matroni alivaa miwani, akaisoma fomu yote, mstari kwa mstari, maana hajawahi kusaini asichokisoma. Akajaza jina. Akajaza umri. Kisha kalamu ikasimama.

"Hapa wanataka anwani," alisema. "Niandike wapi?"

Inspekta alitazama vitanda, akamtazama yule mtu wa gereji aliyekuwa anaangalia saa. Alifikiria kwake: chumba kimoja na sebule, na ngazi za ghorofa tatu. 

"Nipe nikusaidie," alisema.

Akaichukua kalamu, akainamia boneti la gari, akaandika anwani ya kituo cha polisi. Akachukua fomu ya pili akaandika hiyohiyo, na ya tatu, mpaka zikaisha zote saba.